Ukuta wa kisutu: shajara ya kazi ya sanaa Kibokoni, Mombasa

Wiki ya 1

Tumepata ukuta. Ni ubavu wa nyumba ya ghorofa moja huku Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa: upana mita 7, kimo kama mita 5, hauna dirisha hata moja. Chini yake pana baraza ya mawe iliyokaliwa na watu wa mtaa tangu kabla sijazaliwa. Ng'ambo ya kichochoro, hatua tano tu, upo mlango wa jirani. Bi mkubwa mwenye nyumba ametia saini karatasi ya ukurasa mmoja na kutupa sharti moja: baraza isiguswe.

Kazi yetu ni kuagiza sanaa moja ya kudumu, mahali pa wazi, itakayowaonyesha watu wa Mji wa Kale jambo lililo lao. Fedha zimetoka kwa wafanyabiashara kadhaa, kwa watoto wa mtaa wanaofanya kazi Ghuba, na ruzuku ndogo tuliyoiomba. Si nyingi, ila zinatosha kitu kimoja kikifanywa vizuri.

Mtu akitaja sanaa ya barabarani Mombasa, mkono huelekea Pembe za Ndovu pale Barabara ya Moi. Zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za watu wa ufalme wa Uingereza, nazo ni za aluminiamu. Nimekua nikipita chini yake na nazipenda. Lakini zilijengwa ili mgeni apite chini yake akatazame juu. Nataka tujenge kitu kwa ajili ya mtu anayerudi kwake jioni na mkate wa mofa mkononi.

Wiki ya 2

Kibali. Mji wa Kale ulitangazwa katika gazeti la serikali kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na ofisi ya uhifadhi iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hakuna anayegusa sura ya nje ya nyumba bila idhini ya maandishi. Tumepeleka picha za ukuta, vipimo, barua ya bi mkubwa, na maelezo ya vifaa.

Tumeambatanisha pia barua ya kueleza rangi, kwa sababu mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na kingo za buluu. Tumeandika kwamba hii si rangi ya nyumba, ni kazi ya sanaa ndani ya fremu, na pande zake zitabaki nyeupe.

Katika maelezo ya vifaa tulikuwa tumeandika "rangi ya nje isiyopitisha maji". Mhifadhi aliyetupokea alisoma mstari huo, akaliweka faili chini, akauliza: "Juu ya jiwe gani?" Tukamwambia tumbawe. Akatuambia turudi tukaugonge ule ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka chini hadi mkono unapofika, halafu tuandike upya.

Wiki ya 3

Tumeugonga. Sehemu ya juu inatoa sauti fupi, nzito. Kuanzia usawa wa kiuno kwenda chini inalia kama mtungi mtupu.

Fundi mwashi mmoja, mzee aliyejifunza kazi Lamu na ambaye sasa ndiye atakayetushika mkono, alikwangua kidogo kwa ncha ya mwiko akatuonyesha. Juu ni lipu ya chokaa ya zamani. Chini mtu alitengeneza kwa saruji, pengine miaka ishirini iliyopita, na saruji imeachana na jiwe.

Naandika sababu zake kwa urefu, maana atakayetaka kuchora kwenye nyumba za pwani anapaswa kuzijua kabla hajanunua kopo la kwanza. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi. Hunyonya maji kutoka ardhini na unyevu wa hewani, kisha huyatoa polepole. Chokaa huyapisha. Saruji na rangi za plastiki huyazibia. Maji yakizibwa hayatulii, hutafuta pengine pa kutokea, nayo yamebeba chumvi ya bahari iliyomo ndani ya jiwe na ardhi. Maji yakikauka, chumvi hubaki nyuma ya rangi na kuwa fuwele, fuwele hukua, uso hubanduka magamba. Picha nyingi za ukutani nilizoziona zikichorwa kwa furaha zimekufa hivyo, zikianzia chini, na watu wakalaumu rangi kuwa ni hafifu.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa kisanaa katika mradi huu umefanywa na jiwe. Kazi itakuwa ya chokaa.

Wiki ya 5

Tumetoa wito wa wasanii. Tumeuandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, tukaubandika misikitini, madukani na vyuoni, na kuusambaza kwa simu. Hatukudai mchoro kamili. Tulitaka barua ya kujieleza, picha za kazi tano, na jibu la swali moja: ni nini cha Mji wa Kale ambacho wenyeji watakitambua bila kuelezwa?

Watatu watakaoteuliwa watalipwa ili watengeneze mapendekezo. Nimesimama kidete kwenye hili. Kumtaka msanii afanye kazi ya wiki tatu bure ili aingie kwenye mchujo ni kumtaka aufadhili mradi wetu kwa njaa yake.

Wiki ya 8

Jopo limekaa. Watu saba: mhifadhi mmoja, msanii mmoja asiyeomba, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, bi mkubwa mwenye nyumba, kina mama wawili wa mtaa, na kijana mmoja anayeongoza watalii. Kila mmoja ana kura moja, na kura zote zina uzito mmoja. Mimi sina kura, naandika tu.

Pendekezo la kwanza lilikuwa jahazi lenye tanga wazi wakati wa magharibi, limechorwa kwa ustadi mkubwa. Kina mama waliliangalia kwa heshima, kisha mmoja akasema, "Hili nimeshaliona kwenye kila duka la wageni." La pili lilikuwa mlango wa nakshi uliokuzwa mara tatu. Mhifadhi alisema milango halisi iko hatua ishirini kutoka pale, na baadhi inaliwa na mchwa. Fedha za kuuchora mlango ni bora zikatibu mlango. Sikuwa na jibu kwa hilo hata kidogo.

La tatu ni la msanii binti, mzaliwa wa Majengo. Alileta leso, yaani kanga. Hakuleta picha ya leso. Alileta leso yenyewe, akaitandika mezani, akasema ukuta mzima uwe leso moja. Leso ina kama sentimita 150 kwa 110, na ukiizidisha mara nne kila upande unapata mita 6 kwa mita 4.4. Inaingia kwenye ukuta wetu na kubakisha ukingo mweupe. Bi mkubwa alicheka akapiga makofi. Kura sita kwa moja.

Wiki ya 9

Mkataba. Hapa napita haraka, ila mambo matatu lazima yaandikwe.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kwamba haki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Sisi tumekubaliana vingine: haki inabaki kwa msanii. Mtaa una ruhusa ya kupiga picha na kuzitumia bila malipo, na hakuna atakayechapisha mchoro kwenye mifuko au fulana bila idhini ya msanii na ya kamati ya mtaa, wote wawili.

La pili ni matengenezo. Chokaa ni kitu hai, itahitaji mkono. Msanii ameridhia kwa maandishi kwamba mwashi anaweza kuziba ufa au kurudishia palipobanduka bila kumuuliza, mradi atumie chokaa na asibadilishe mchoro. Sehemu moja ya kumi ya fedha zote imetengwa leo, kabla kazi haijaanza, kwa ajili ya miaka ijayo.

La tatu, mwashi na msanii wana mikataba miwili yenye maneno yaleyale. Yeye si kibarua wa msanii. Jina lake litaandikwa pamoja na la msanii, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Wiki ya 10

Tumenunua chokaa iliyochomwa kwenye tanuu na kuanza kuizima, yaani kuitia maji. Inachemka kwenye maji kama sufuria ya maharage, na moto wake hauna mzaha, mtoto haruhusiwi kusogea. Ikishazimwa inakaa shimoni chini ya maji. Mzee anataka ikae miezi mitatu angalau, na anasema ikikaa zaidi italainika kama siagi. Nilikuwa nimeipangia wiki mbili kwenye ratiba. Nimeifuta ratiba.

Wiki ya 11 hadi ya 17

Hizi wiki saba ni za jina.

Asiyeijua leso aelewe kwamba ina sehemu tatu. Pindo huzunguka pande zote nne. Mji ni katikati. Na chini ya mji, karibu na pindo la chini, hukaa jina: maneno machache, mara nyingi methali au fumbo. Vitambaa vya mwanzo vilikuwa leso za mkononi za Wareno, na neno lenyewe ni lao. Wanawake wa pwani walinunua sita, wakaziunga mbili kwa tatu, wakapata vazi. Baadaye wafanyabiashara wakachapisha kitambaa kizima. Majina yalianza kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaja ya Kilatini. Hapa Mombasa kila mtu anaijua alama ya "Mali ya Abdulla", ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887 na ambalo bado liko Mtaa wa Biashara.

Lakini hayo ni ya vitabuni. Mwanamke anunuapo leso hununua jina kwanza na rangi baadaye. Huivaa mbele ya mtu anayetaka aisome. Humpa mkwewe, humpa rafiki aliyefiwa, humvalia mke mwenza. Leso husema pale mdomo unapoona haya. Ndiyo maana msanii alijenga mchoro wake wote juu ya mstari wa jina: herufi za nusu mita, zinazosomeka tangu mwanzo wa kichochoro.

Tuliacha daftari kwenye nyumba tatu ambako kina mama hukutana baada ya alasiri. Likarudi na majina 63. Tukakaa kuyapitia, na hapo ndipo kazi ilipotukalia kooni.

"Mgeni njoo mwenyeji apone" lilipendwa na kijana wetu wa watalii. Kina mama walilikataa bila kusita. Walisema ukuta utakuwa unamsemesha mgeni tena, na wenyeji watakuwa wapita njia kwao.

"Hasidi hana sababu" liliandikwa mara nne na watu wanne. Aliyelimaliza ni jirani wa mlango wa ng'ambo, mama mtaratibu ambaye hakuwa amesema neno tangu mkutano wa kwanza. Alisema: "Mimi nikifungua mlango wangu asubuhi, naliona hilo. Kila siku ya Mungu. Nani hasidi? Mimi?" Pakawa kimya. Hakuna aliyekuwa amemlenga, lakini ndivyo jina la leso linavyofanya kazi. Haliwezi kusemwa hewani. Lazima limwangukie mtu, na mtu aliyekaa hatua tano mbele ya ukuta ni yeye.

Tukajaribu majina ya wema. "Wema hauozi." Yeye huyohuyo akauliza ni wema gani anaodaiwa. Tukajaribu dua. Bi mmoja akasema dua haiwekwi mahali ambapo paka hulala na watoto hutegemeza miguu. Mwalimu wetu akashauri mshororo wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, na alizungumza kwa mapenzi makubwa hadi sauti ikamtetemeka. Naheshimu sana alichosema. Lakini mama mmoja alimjibu kwa upole: "Mwalimu, Muyaka ni wetu sote. Ila leso ni uwanja wetu sisi, na wewe unatuletea mwanamume aje atusemee humo."

Kufikia wiki ya 16 nilikuwa nimechoka na nilimwandikia msanii kwamba tupige kura tumalize. Nafurahi kwamba hakukubali. Alijibu kwamba jina lililopita kwa kura nne dhidi ya tatu litakuwa kidonda cha mtaa chenye urefu wa mita sita.

Wiki ya 18

Leo, kabla hatujakaa, bibi mmoja mzee sana aliletwa na mjukuu wake. Alikuwa somo, yaani kungwi, wa maharusi wengi wa mtaa huu, pamoja na mama yangu. Alikuwa amesikia habari za ugomvi wetu. Akafungua mfuko, akatoa kisutu.

Kila mtu alikijua. Kisutu ni leso ya harusi, ya kale, nyekundu na nyeusi na nyeupe, yenye vijiumbo vidogo vinavyorudiwa tena na tena mpaka jicho lijae. Akakitandika barazani, akapitisha kiganja pale chini ya mji ambapo sisi tulikuwa tumegombania wiki saba.

"Kisutu hakina ina, mwanangu," alimwambia msanii, akimaanisha jina. "Hakimsemi mtu."

Sitaandika mengi kuhusu dakika zilizofuata. Jirani wa ng'ambo alikuwa wa kwanza kusema "Hiki." Msanii alinyamaza. Mchoro wake wa miezi miwili ulikuwa umesimama juu ya herufi, na sasa anaambiwa herufi zitoke zote. Aliomba wiki moja, akapewa.

Kijana wa watalii amepinga, na nimemwahidi kuandika hoja yake: leso inajulikana ulimwenguni kwa maneno yake, na tukiyatoa tunatoa kile kinachoitofautisha na kitambaa kingine chochote. Ni hoja nzuri. Jopo limepita kwa kura sita, na yake imeandikwa.

Wiki ya 19

Msanii amerudi. Amekubali, na amekuja na jambo ambalo sote hatukuliona. Juu ya chokaa mbichi si kila rangi inaishi. Chokaa ni kali, huzila rangi nyingi za dukani zikapauka. Zinazostahimili ni zile za udongo na madini. Nyekundu ya udongo wenye kutu ya chuma inastahimili. Nyeusi ya mkaa inastahimili. Nyeupe ni chokaa yenyewe. Rangi tatu za kisutu zote ni rangi ambazo ukuta huu unaweza kuzibeba. Kwa mchoro wake wa kwanza angehitaji kijani na manjano kali, na alikuwa amekosa usingizi akizitafuta.

Mhifadhi ametupeleka Ngome ya Yesu kutazama michoro ambayo Wareno waliichora ukutani humo, meli na watu, kwa mkaa na udongo mwekundu juu ya lipu. Wamepita wenye ngome wangapi tangu hapo, na mistari bado inasomeka. Ni kweli kwamba imekingwa na mvua, na wetu hautakingwa. Hata hivyo mwashi wetu alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi.

Wiki ya 20 hadi ya 24

Masika. Hatufanyi kitu ukutani. Chokaa iko shimoni.

Msanii alikaa na visutu vya mabibi wanane na kupima vijiumbo. Ametengeneza mpangilio wake mwenyewe kutokana na vya zamani, ili tusinakili kitambaa cha mfanyabiashara yeyote anayeuza leo.

Ofisi moja ambayo sihitaji kuitaja ilikaa na karatasi yetu ya kuweka jukwaa kichochoroni kwa wiki nne, na tulipoifuata mara ya tano tukaambiwa haikuwahi kufika. Tuliwasilisha nyingine, tukaomba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Anayeagiza sanaa mahali pa umma aombe muhuri siku ya kwanza.

Wiki ya 25

Tumebandua saruji yote ya chini, kwa mkono, nyundo na tindo ndogo, ili jiwe lisipasuke. Nyuma yake kulikuwa na unyevu na chumvi nyeupe yenye unene wa ukucha. Tukagundua pia bomba la bafu la nyumba ya nyuma linavuja ndani ya ukuta. Tungepaka rangi juu ya hayo yote. Fundi bomba amelitengeneza kwa fedha za mradi, na bi mkubwa ametuombea dua ndefu.

Chumvi tumeivuta kwa karatasi iliyolowekwa kwenye maji safi ikapondwa kama uji, ikabandikwa ukutani na kuachwa ikauke. Inapokauka hunyonya chumvi. Tumerudia mara tatu. Mara ya tatu karatasi ilionjwa na mwashi kwa ncha ya ulimi, akasema basi.

Wiki ya 28

Sampuli, mita moja ya mraba, nyuma ya nyumba.

Njia tuliyoichagua ni ya kukwangua. Lipu ya kwanza ni chokaa fungu moja na mchanga mafungu matatu. Mchanga si wa ufukweni, umeoshwa. Juu yake lipu ya pili iliyochanganywa na udongo mwekundu. Juu yake tabaka jembamba la chokaa nyeupe. Kabla nyeupe haijakauka, msanii anaikwangua kwa kisu kufuata mchoro, na wekundu unatokea chini. Nyeusi inapakwa kwa brashi juu ya nyeupe ikiwa bado mbichi, ili chokaa inaposhika iikamate. Chokaa haikauki tu. Huvuta hewa ya ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, na rangi hufungwa humo ndani.

Kukwangua lipu si ugeni kwetu. Nyumba za kale za Lamu zina nakshi za chokaa kuta nzima, na mwashi alijua kwa kidole ni saa ngapi lipu iko tayari kwa kisu. Msanii hakujua, ila alijua mstari. Nimewaona wakifundishana kwa siku nne bila maneno mengi.

Nyeusi ilitusumbua. Tulianza na masizi, yana mafuta na huelea juu ya maji, hayachanganyiki. Tukahamia mkaa uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Ukakubali.

Wiki ya 30 hadi ya 33

Kazi ya ukutani. Kila siku wanapiga kipande watakachokimaliza siku hiyo, kisichozidi mita mbili za mraba, kwa sababu kisu hakingoji. Kuanzia juu, kushuka. Mbele ya jukwaa tumetundika magunia yanayolowekwa kila baada ya saa mbili ili upepo usikaushe haraka. Watoto wa chuoni, yaani madrasa, wamejigawia zamu ya kumwagia maji magunia, na wana daftari lao.

Siku ya Alhamisi ya wiki ya 32 tulikosea. Palikuwa na mazishi mtaani, sote tukaenda kuzika, na hakuna aliyebaki na magunia. Tuliporudi kipande cha siku kilikuwa kimekauka upesi. Kwa macho kilionekana sawa. Mwashi alipitisha kidole, kidole kikarudi na unga. Chokaa iliyonyimwa maji haishiki, inabaki vumbi lenye umbo. Msanii alikaa barazani akalia, kwa kuwa kilikuwa kipande alichokipenda kuliko vyote. Asubuhi mwashi alikibandua chote kabla yeye hajafika, asije akakiona kikibanduliwa. Wakakianza upya. Ukitazama vizuri, upande wa kulia chini ya pindo la juu, wekundu wake umekolea kidogo zaidi. Tumeamua kuuacha hivyo.

Wiki ya 34

Jukwaa limeshuka.

Hatukufanya sherehe ya hotuba. Tuliwaambia kina mama tu kwamba Jumamosi baada ya alasiri magunia yatatolewa. Walikuja zaidi ya mia moja, na sijui ni nani aliyepitisha neno, lakini kila mmoja alikuja amejitanda leso yake. Walijaa baraza, wakajaa kichochoro, wakiwa mbele ya ukuta usio na jina, na kila mgongo una jina lake. Nilisoma mpaka nikashindwa. Nyingine zilikuwa zikijibizana pale pale, na wenyewe wanajua.

Kijana wa watalii alisimama karibu nami kwa muda. Akasema, "Sasa nimeyaona maneno yalipo." Ameomba nimwandikie hilo pia, chini ya hoja yake ya wiki ya 18.

Bibi wa kisutu aliletwa kwa kiti. Aliugusa ukuta kwa kiganja kizima, akauliza kama umekauka. Tukamwambia juu juu tu, ndani utachukua miezi. Akasema basi asiuguse tena mpaka mwakani.

Wiki ya 36

Yaliyobaki. Awamu ya mwisho ya malipo imelipwa kwa wote wawili. Kibao cha majina ni cha jiwe, kidogo, kiko pembeni chini, majina mawili ya herufi sawa. Ukaguzi wa kwanza utakuwa baada ya masika ijayo: kugonga kutoka chini hadi juu, kutazama chumvi, kupiga picha vipande vyote kwa mwanga wa asubuhi. Vijana wawili wa mtaa wanajifunza kwa mwashi kurudishia lipu, wanalipwa kutoka kwenye ile sehemu ya kumi.

Chokaa imebaki shimoni, nzuri, laini kweli kama siagi. Jirani wa ng'ambo amekuja kuuliza kama anaweza kupata kidogo, apake uso wa nyumba yake kabla ya Idi. Tumempa ndoo mbili, na mwashi amemwazima brashi.